Mistari Elfu Mbili ya Najat

"Milioni moja na laki nne, bosi. Kazi nimefanya, nimemaliza, geti linafunguka lenyewe. Sasa unanizungusha nini?"

"Fundi, kaa chini kwanza."

"Sikai. Nikikaa utanipa soda, nikinywa soda nitakuwa mgeni, na mgeni hadai."

Valerian hakucheka. Alikuwa mtu wa Songea, mnene, sauti ya upole na mkono mgumu, mwenye yadi ya makontena hapo Kurasini. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, feni inachukua joto la ukuta huu inalipeleka ukuta ule. Aligeuza kioo cha kompyuta kikamwelekea Badru.

"Mie nilikuita unitengenezee mfumo wa geti. Sikukuita uniandikie riwaya kwenye mashine yangu. Soma hapo."

"Nisome nini?"

"Soma. Si unajua kusoma?"

Hilo nusura liwatoe nje kwa ngumi. Badru hakuwa na cheti hata kimoja. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwenye simu iliyopasuka kioo, na mtu akimuuliza kama anajua kitu, yeye husikia tusi. Lakini aliinama akasoma, na hasira ikasahau ilikuwa inaelekea wapi.

Tuelewane hapa kwanza, maana mambo yote yaliyofuata yamesimama juu ya jambo hili moja. Ofisi ya Valerian ni kontena kuukuu lililotobolewa madirisha. Lori likifika, karani anaandika namba ya kontena, mfumo unahakiki, chuma cha geti kinainuka, na kwenye skrini nyeusi unatokea mstari: lori gani, kontena gani, saa ngapi. Lori moja, mstari mmoja. Badru aliiweka kazi hiyo ndani ya programu iitwayo tmux. Hiyo inakufungulia madirisha mengi ndani ya skrini moja, na hata ukizima kioo ukaenda zako kula, dirisha linabaki hai ndani ya mashine, linaendelea kuandika kama vile hujaondoka. Mistari ikijaa kioo, ya zamani inapanda juu na kupotea machoni, lakini imehifadhiwa. Ukizungusha gurudumu la mausi unaifuata hukohuko juu unaisoma, na kwenye kona ya kulia inatokea namba inayokuhesabia ni mingapi.

Ila haihifadhiwi milele. Kuna kikomo, na usipokibadilisha mwenyewe, kikomo ni mistari elfu mbili. Ikifika hapo programu inaitupa ile ya juu kabisa, ya zamani kuliko yote, na haitupi mmoja mmoja. Inakata fungu zima, mia mbili kwa mkupuo, ipate nafasi ya kuendelea.

Badru hakukibadilisha. Alisema elfu mbili zinamtosha mtu anayetazama malori ya jana na juzi.

Sasa, mstari wa juu kabisa ulitakiwa uwe amri ile ya kwanza aliyoiandika yeye mwenyewe, Jumatatu iliyopita, alipouwasha mfumo. Juu yake hapatakiwi kuwa na kitu, kama vile chini ya msingi hapawi na ghorofa. Lakini Valerian alizungusha gurudumu, amri ya kwanza ikapita, na mistari ikaendelea kupanda.

*maji yamejaa uani mbweni kaka nurdin amenibeba mgongoni*

*mama ananipaka mafuta ya nazi redio inaongea peke yake*

*nimekimbia kwenye ngazi za madrasa nimeanguka jino limekatika*

Jino hilo Badru alilijua. Aligeuka taratibu akaangalia kona ya kontena, alipokaa karani wa Valerian, ambaye ni mke wa ndoa wa Badru.

"Najat. Wewe ndiye umeandika haya?"

Najat, ambaye siku zote ugomvi wa mumewe ukianza huingiza neno lake katikati na kuumaliza kwa kicheko, siku hiyo hakuwa amegeuka hata mara moja. Vidole vilikuwa juu ya kibodi.

"Mie naandika malori," alisema.

"Kumbe mwandishi ni mkeo," Valerian alisema. "Mnaichezea mashine yangu ukoo mzima. Safisha huo uchafu, halafu uje tuzungumze hela."

"Hakuna mkono unaoweza kuandika juu ya mstari wa kwanza, bosi. Haiwezekani."

"Basi fanya iwezekane kufutika."

Namba kwenye kona ilisoma 1,997. Nje lori likapiga honi. Badru akavuta pumzi ajibu, akanusa ubani.

"Nani kawasha ubani humu?"

"Nani awashe?" Valerian alisema. "Si wewe uliyekataza?"

Ni kweli alikataza. Bi Mwanabaraka, mama anayeuza chai na chapati pale getini, kila Alhamisi alasiri alikuwa akiingia na chetezo anakiweka kwenye kona ya kontena, anasema maneno mawili matatu, anatoka. Alifanya hivyo tangu enzi za mwenye yadi wa kwanza. Alisema ni cha mwenye mahali. Hakuna aliyeuliza zaidi. Halafu akaja Badru, akafungua mashine ya Valerian, akakuta feni yake imeganda masizi meusi yenye mafuta, na kwa kuwa ni mtu wa kusema anachokiona, alikibeba chetezo kikiwa bado kinafuka akakitoa nje mbele ya madereva.

"Moshi unaua feni, mama. Huyo mwenye mahali akitaka moshi akakae barabarani. Malori yapo, yatampa moshi mpaka achoke."

Madereva walicheka sana. Bi Mwanabaraka aliokota makaa yake. Jioni ileile Badru aliisogeza meza ya mashine kwenye kona, palipokuwa baridi kidogo, na kiti cha mkewe akakiweka palepale chetezo kilipokuwa kinakaa.

Usiku huo nyumbani kwao, Mtoni Kijichi, walikuwa wanakula wali na dagaa. Badru alikula bila kusikia chumvi.

"Hebu nisimulie lile jino lako."

Najat alipitisha ulimi kwenye jino lililokatika pembe, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba asiyoijua. "Lina nini?"

"Lilikatikaje?"

"Si lipo hivi hivi."

Hadithi ya jino hilo Najat alikuwa anaisimulia kwa kila mgeni, anasimama kabisa, anaigiza alivyoanguka na ustadhi alivyokimbia kanzu imemkwama kwenye msumari. Badru aliweka tonge chini.

"Na Nurdin alivyokubeba kwenye maji ya mafuriko?"

"Nurdin ndiye nani?"

"Kaka yako, Najat. Kaka yako wa tumbo moja."

Alimwangalia mumewe kwa upole, ule upole wa mtu anayehofia kukuvunja moyo. "Mie nina kaka?" aliuliza, na alipoinama kuchukua maji, ubani ukatoka kwenye nywele zake, mzito, wa Alhamisi.

Asubuhi Badru alimwacha amelala, akafunga mlango kwa nje, akaondoka na ufunguo mfukoni. Alifika Kurasini yadi ikiwa tayari imejaa vumbi, akapita getini, akafungua mlango wa kontena, na Najat alikuwa kwenye kiti chake. Hakuwa na viatu. Kanga ilikuwa ileile ya kulalia. Vidole vilikuwa vinaandika, na Badru, aliposimama pale mlangoni, aliona kwamba mkewe anaandika namba ya kontena, geti linainuka, halafu ndipo lori linakata kona na kutokea.

"Najat. Twende nyumbani."

Akamshika mkono. Akavuta. Mwanamke ambaye Badru alikuwa akimbeba juu juu kuvuka madimbwi ya Kijichi hakusogea hata kidole.

"Usimvute hivyo." Bi Mwanabaraka alikuwa nyuma yake na birika la chai, anaongea chini kwa chini kama mtu aliye kwenye nyumba yenye mgonjwa. "Ukimvuta utaondoka na mkono tu."

"Shikamoo bibi. Ana nini?"

"Marahaba. Ana mtu." Aliangalia kona, akaangalia mashine. "Nilikuambia, au sikukuambia?"

"Hukuniambia kitu, bibi. Uliokota makaa yako ukanyamaza."

"Mbele ya wanaume wanaonicheka ulitaka nihutubie?" Aliweka birika chini. "Nakwenda kutafuta vitu vyangu Temeke. Usimvute, na usimwachie amalize anachofanya."

Badru akakaa kwenye mashine akapanda juu. Ngazi za madrasa hazikuwepo. Mafuta ya nazi hayakuwepo, wala maji ya Mbweni. Fungu lilikatwa jana mchana, mistari mia mbili, utoto mzima wa mtu, na sasa mstari wa juu kabisa ulikuwa wa msichana aliyekwishavaa sare ya sekondari. Kutoka hapo kushuka chini mpaka kwenye amri yake ya Jumatatu aliihesabu. Ilikuwa mia mbili kamili.

Ndipo alipoelewa, na kwa sababu alikuwa fundi alielewa kama fundi. Lori likiingia, mstari mmoja unaingia chini. Mistari ikifika elfu mbili, fungu la juu linakatwa. Fungu la juu lililobaki ndilo Najat. Kona ya kulia iliandika 1,926.

Kwanza alikiongeza kikomo. Aliandika laki tano, akapiga kitufe, mashine ikakubali bila ubishi, na moyo wake ukatua. Kisha akaangalia vizuri na moyo ukapanda tena palepale. Kikomo kipya hupewa madirisha mapya tu. Dirisha lililokwishafunguliwa linabaki na kikomo lilichozaliwa nacho, hata ukilipigia magoti, na ukilifunga ulifungue upya, vilivyokuwa ndani vyote vimekwenda. Jambo hilo alilijua miaka. Aliwahi kumcheka kijana mmoja wa Kariakoo kwa kutolijua.

Akajaribu kuinakili mistari kwenye faili. Faili lilifunguka na malori peke yake. Akaipiga picha kwa simu; picha ikatoka na kioo cheusi na uso wake mwenyewe ndani yake. Hapo lori lilikuwa limeingia, na lingine, na lingine. 1,958.

Akaanza kumsomea. Alisogeza kiti karibu na sikio la mkewe, akasoma kwa sauti ya chini, na alipofika chini kabisa, mstari ulio juu tu ya amri yake, akausoma mara mbili.

"*Badru amekuja mbweni na mjomba wake kuleta posa kofia imemkaa upande nimecheka jikoni.*"

Vidole vya Najat vilisita. Midomo ikacheza.

"Mpaka nikaunguza maandazi," alinong'ona.

"Ndiyo. Ndiyo, mke wangu. Mpaka ukaunguza maandazi. Baki hapohapo."

"Badru, ananivuta kwa nyuma." Macho yake hayakutoka kwenye kioo. "Ananivuta kama uzi unavyotoka kwenye kanga. Kila lori."

Halafu vidole vikaanza tena.

Badru alimkuta Valerian amesimama kizingitini na simu mbili, moja kila sikio. Meli ilikuwa imeshusha, na foleni ya malori ilikuwa imetoka nje ya yadi ikapinda kwenye barabara kuu.

"Funga geti," Badru alisema.

"Fundi, sio leo."

"Ile hela baki nayo. Sitaki hata senti. Funga geti mpaka jioni."

Valerian aliteremsha simu zote mbili. Alikuwa anamjua Badru kwa muda wa kutosha kujua kwamba mtu huyu hasamehi hata mia tano ya vocha. "Hebu nipe sababu nitakayowaambia madereva."

"Mke wangu anaisha."

Valerian aliangalia juu ya bega la Badru, kwenye kona, akaiona miguu mitupu chini ya meza, imelowa matope meusi ya mikoko ambayo hayapatikani popote kati ya Kijichi na Kurasini kwa mtu anayepita barabarani. Akafanya ishara ya msalaba bila kujua kama amefanya.

"Nipe dakika kumi," alisema polepole. "Niwageuze wale wa nyuma kwanza, vinginevyo watagongana."

Alikuwa anasema kweli, na alikimbia, mtu mnene yule, mikono hewani, kuelekea getini. Lakini Badru aliporudi kwenye kioo namba ilikuwa 1,989, na mbele ya macho yake ikawa 1,990, na ubani ulikuwa umejaa mule ndani ingawa hapakuwa na moshi, na chini ya ubani palikuwa na harufu nyingine, ya kucha zinazoungua, na Najat alikuwa ameanza kuandika kwa mikono yote miwili haraka kuliko lori lolote linavyoweza kupita, huku nyuma ya mlio wa kibodi kukisikika mlio wa pili wa kibodi, wa taratibu zaidi, ndani ya ukuta wa bati, 1,991, na Badru, ambaye maisha yake yote hajawahi kusubiri dakika kumi za mtu, aliinama juu ya bega la mkewe akabonyeza vitufe viwili vya kuusimamisha mfumo.

Mfumo ulisimama. Na kama ilivyo kwa programu yoyote inayokatishwa katikati ya kazi, ulilalamika. Alikuwa ameiandika mwenyewe programu hiyo, alikuwa ameyaona malalamiko yake mara elfu: ilikatishiwa wapi, kwenye faili gani, iliitwa na nani, na huyo naye aliitwa na nani. Mistari kumi na miwili. Ikaja yote kwa mkupuo mmoja chini ya kioo.

Kona ikaandika 1,803.

Alizungusha gurudumu. Akapanda mpaka juu kabisa, na juu kabisa palikuwa na amri yake ya Jumatatu, safi, na juu yake hapakuwa na kitu.

Najat aliondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. Akageuka. Alikuwa analia machozi bila sura yake kujua, sura ilikuwa tulivu kabisa.

"Samahani," alimwambia Badru. "Mie naitwa nani?"

Bi Mwanabaraka alirudi magharibi inaingia, na chetezo, ubani, udi na chupa ya marashi. Geti lilikuwa limefungwa. Yadi nzima ilikuwa imenyamaza, na Valerian alikuwa amekaa juu ya tairi nje ya mlango, hataki kuingia wala hataki kuondoka. Bi Mwanabaraka alimfunika Najat kanga nyeupe kichwani, akapitisha moshi chini ya kanga, mara kwa mara, akisoma anayoyajua, mpaka mabega chini ya kanga yakaanza kupanda na kushuka.

"Amani kwako, mwenye mahali," alisema kwa sauti ya chini. "Tumekuja kwa adabu. Umekaa kwa mtoto wa watu. Sema unachotaka."

Sauti ilikuwa ya Najat. Hilo ndilo lililomtetemesha Badru, alitegemea sauti nzito ya kutisha. Ilikuwa ya Najat, ila haikupumua. Ilitoka kama mistari inavyotoka, bila kituo.

"nilikuwa na kona yangu nilikuwa na moshi wangu wa alhamisi huyu amenitoa amesema nikakae barabarani nimekaa barabarani malori yamenipita juu moja moja moja moja moja"

"Amekosa," Bi Mwanabaraka alisema. "Yupo hapa. Sema unachotaka."

"nataka kiti"

"Utapewa kona yako."

"sitaki kona nataka humu ndani nimeonja nataka kiti kisicho na mwisho asinikate tena juu"

Bi Mwanabaraka alimwangalia Badru. Hakuelewa. Badru alielewa vizuri mno.

"Dirisha jipya," alisema. "Lisilo na kikomo. Silifungi, sizimi mashine, umeme ukikatika betri inashika. Nikikupa hilo, utarudisha vya mke wangu? Vyote, tangu utoto?"

"nipe"

"Nimekuuliza swali. Utarudisha?"

"nitarudisha"

Bi Mwanabaraka alimshika kiwiko. "Mwapishe kwanza. Hawa huapishwa, Badru, hawaaminiwi hivi hivi."

"Hatuna muda, bibi. Angalia anavyohema."

Hakuwa anahema. Ndicho alichomaanisha. Kanga ilikuwa imetulia kabisa, na midomo chini yake ilikuwa inaonekana kuwa ya bluu kupitia kitambaa, kwa hiyo Badru alikaa kwenye mashine na kuandika kikomo kipya, namba kubwa kuliko zote ambazo programu inakubali, akafungua dirisha jipya tupu, jeusi, kishale kinapepesa, akakisogeza chetezo kwa mkono wake mwenyewe mpaka kikagusa tumbo la mashine, na feni ile aliyoisafisha kwa brashi ya meno ikauvuta moshi wote ndani kwa mlio wa mtu mwenye kiu, na dirisha likaanza kujaa, mistari inapita kwa kasi ambayo jicho haliwezi kukamata hata neno, kona ikihesabu elfu, elfu kumi, elfu arobaini, huku bati la kontena likigongwa kutoka ndani ya ukuta, pembe moja, halafu nyingine, halafu darini, halafu ndani ya meza.

Kisha kimya. Ubani wa chetezo tu, wa kawaida, mwepesi. Najat alivuta pumzi ndefu, akaanguka kutoka kwenye kiti, na Badru alipomdaka alikuwa mwepesi kama zamani.

"Ameshuka," Bi Mwanabaraka alisema, akakaa chini sakafuni. "Ameshuka kichwani kwake. Alhamdulillahi."

Walimtoa nje wakampa maji. Alikunywa yote. Alimsalimia Valerian shikamoo, akamsalimia Bi Mwanabaraka, akaomba radhi kwa usumbufu. Alikuwa mzima, mwenye haya, mwenye macho maangavu. Badru alisimama mbele yake, mikono inaning'inia, anasubiri.

"Shikamoo kaka," Najat alimwambia. "Samahani, mie natakiwa kwenda wapi?"

Valerian alifunika uso kwa mikono yake. Bi Mwanabaraka alianza kusema jambo, kwamba labda asubuhi, labda taratibu, wengine huwarudia taratibu, na Badru hakusubiri amalize. Aliingia ndani ya kontena akafunga mlango.

Dirisha lilikuwa limetulia. Alipanda juu. Vilikuwepo vyote. Maji ya Mbweni, mafuta ya nazi, ngazi za madrasa, sare ya sekondari, kofia iliyokaa upande, maandazi yaliyoungua, usiku wao wa kwanza Kijichi mvua ikivuja juu ya godoro, kila kitu kimepangwa mstari kwa mstari, hakuna hata kimoja kilichopotea, na hakuna hata kimoja kilichorudi. Alishuka chini mpaka mwisho, mahali kishale kilipokuwa kinapepesa, akakuta dirisha linaandika.

*mwanamke mzee amenipa maji ya pili yana marashi*

*mtu mnene analia sijui kwa nini*

Alisogea kwenye dirisha la kontena akachungulia nje. Najat alikuwa kwenye benchi na kikombe mkononi. Alinywa funda moja, akatazama kikombe, akamgeukia Bi Mwanabaraka.

"Shikamoo bibi," alisema kwa adabu, kama vile ndiyo mara ya kwanza kumwona. "Naomba maji."

Nyuma ya Badru kibodi kililia chenyewe.

*yule mwanamume dirishani ananiangalia*

*yule mwanamume dirishani ananiangalia simjui*

Na hapo akaona alichokiuza. Dirisha la kwanza lilikuwa linakata kwa sababu lilikuwa dogo. Hili halikuwa na haja ya kukata. Lilikuwa na nafasi ya kila kitu, kila funda la maji, kila salamu, kila asubuhi atakayoamka, leo mpaka siku ya kufa, na kwa kuwa nafasi haitaisha, hakuna kitakachobaki upande wa pili, kichwani mwa Najat. Kulifunga ni kumpoteza. Kuliacha wazi ni kumtazama akipita.

Badru alivuta kiti akakaa. Chetezo kilikuwa bado kinafuka. Akaandika, herufi moja moja, bila kukosea hata moja.

Uliomba kiti, nimekupa. Uliomba kisicho na mwisho, nimekupa. Umesema utarudisha. Nirudishie mke wangu.